Timu Yetu ya Barafuni Ilikuwa ya Nani

Dada yangu hakuamini mpaka nilipompeleka akajionea mwenyewe. Mwaka 2008 alinipokea Durban nikitoka Bukavu, tukakaa chumba kimoja na wanawe wawili kwenye ghorofa la South Beach, yeye akisuka watu saluni na mimi nikizunguka kutafuta kazi. Siku niliyorudi nikamwambia nimepata kazi kwenye barafu, alidhani ni kiwanda cha samaki.

"Hapana, dada. Ni barafu ya kutembea juu yake. Watu wanalipa, wanavaa viatu viko na kisu chini, wanazunguka."

"Wanazunguka wanaenda wapi?"

"Hawaendi. Wanazunguka tu."

Akaacha kumenya ndizi, akanitazama kwa huruma. "Weye, vita imekuharibu kichwa."

Lakini kazi ilikuwa ya kweli. Jumba lenyewe halikuwa mbali na ufukwe. Nje watu walipita vifua wazi, ndani mimi nilivaa koti la dada, la kike, vifungo viko upande nisiouzoea. Nilisimama nyuma ya kaunta nikipokea viatu vya watu na kuwapa vya kutelezea, na viliporudi nilivipulizia dawa ya harufu. Walikuja watoto wa sherehe za kuzaliwa, wanafunzi, wapenzi walioshikana mikono kwa kisingizio cha kuogopa kuanguka. Baada ya muda nikawa namjua mtu kwa saizi ya mguu kabla sijamtazama usoni.

Jumapili baada ya kanisa tulicheza mpira mchangani, Wakongo na Warundi, na mimi nilikuwa kipa. Jumapili moja mzungu mmoja mfupi, mwenye goti bovu na mbwa mkubwa, alisimama akatutazama mpaka tulipomaliza. Nilimjua kwa sura. Alikuwa akifundisha hoki palepale kwenye jumba letu. Kesho yake akaja kaunta.

"Ni wewe uliyekuwa golini jana?"

"Ni mimi."

"Unaogopa mpira?"

"Mpira ndio unaniogopa."

Akacheka. Akaniambia kipa wao amehamia Cape Town, na kwamba timu yake haikuwa tena ya watoto wa kujifurahisha. Ilikuwa imepata mwenyewe, mtu mwenye pesa anayetaka kuifanya ya kulipwa, ya kwanza ya aina hiyo hapa mjini. "Njoo jioni tukishafunga."

"Mimi sijui kuteleza."

"Kipa hatelezi. Kipa anasimama."

Nimeambiwa uongo mwingi Afrika Kusini, lakini huo ndio ninaoukumbuka kwa upendo.

Jioni ile walinivalisha. Miguuni walinifunga vitu ambavyo siku zote niliviita magodoro, kifuani ngao, kichwani helmeti yenye kimia cha chuma, mkono mmoja glavu ya kudakia na mwingine gongo pana. Nilikanyaga barafu nikaanguka. Nikainuka nikaanguka tena. Mwishowe kijana mmoja mwembamba alikuja nyuma yangu, akaniegemeza bega mgongoni na kunisukuma mpaka golini kama mtu anayehamisha kabati.

"Shika mwamba wa goli," akasema. "Usiuachie."

Kisha wakaanza kupiga. Kwenye hoki ya barafuni hakuna mpira, kuna kisahani cheusi cha raba, kizito, kilichogandishwa. Kinakuja kama neno baya, hukioni mpaka kimekuumiza. Kile cha kwanza kilinipata kifuani, cha pili begani. Cha tatu nilikidaka. Sijui nilikidakaje, ila nilifungua glavu na kilikuwa humo, baridi kama samaki. Kijana yule mwembamba alipiga gongo lake chini mara nyingi, na wengine wakamfuata, jumba zima likawa linalia ko ko ko. Kocha alinieleza baadaye kwamba hivyo ndivyo wachezaji wa hoki wanavyompigia mtu makofi.

Kijana huyo alikuwa winga wetu. Wakati ule alikuwa bado shule, na kila alasiri alipanda taxi, hivi vibasi vya abiria, kutoka Chatsworth hadi mjini akiwa na begi lililomzidi urefu. Alijifunza kwa viatu vya magurudumu kwenye maegesho ya magari ya maduka ya kwao, akakutana na barafu akiwa na miaka kumi na kitu. Wengine walikimbia juu ya barafu, yeye alimwagika. Kocha alikuwa na vijana watano au sita wa kutumainiwa, lakini alipozungumza habari za Ulaya, za vyuo vya michezo kwenye nchi za baridi, macho yake yalikuwa kwa huyo tu.

Alinifundisha kuteleza kinyumenyume, na mimi nikamfundisha kumsoma kipa, jinsi goti linavyomsaliti kabla ya mkono. Tuliongea Kiingereza, changu cha kuokoteza. Siku moja magodoro yangu yalichanika mshono na timu haikuwa na mengine. Winga akasema, akichomeka neno la Kiswahili ndani ya Kiingereza, "Nyumbani kwetu iko mtu atashona." Nikashtuka.

"Hiyo 'iko' umeitoa wapi?"

"Kwako. Unasema siku nzima. Lakini bibi yangu ana maneno mengine ya kwenu."

Hivyo ndivyo nilivyofika Chatsworth. Bibi yake, aliyemlea tangu utotoni, alikuwa mama mnene mwenye ushungi mweupe, fundi wa kushona sare za shule. Mtaa mzima uliwaita Wazanzibari, nao wenyewe walijiita hivyo, ingawa wazee wao wengi walikuwa Wamakua na hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuiona Unguja. Nilimwamkia shikamoo. Akajibu "marahaba" kwa sauti ya mtu aliyefungua sanduku akakuta nguo bado inamtosha.

Maneno yake ya Kiswahili hayakuzidi kiganja. Karibu, kaa, kula, mtoto wangu, alhamdulillahi. Aliyatumia yote mchana ule. Alichukua sindano ya kushonea maturubai, akayageuza magodoro yangu huku na huku.

"Hivi ni vya kazi gani?" akauliza kwa Kiingereza.

"Vya kuzuia, bibi."

"Kuzuia nini?"

"Mjukuu wako."

Alicheka mpaka akaifuta miwani. Mshono wake haukuachia tena.

Mwenye timu tulimwita bosi. Yadi yake ilikuwa Clairwood, malori yamejipanga hadi ukutani, na magari yake yalipanda hadi Lubumbashi na Kolwezi. Ujanani aliwahi kuendesha malori Kanada, na huko, jioni, kwenye mikahawa ya madereva, kila televisheni ilikuwa inaonyesha hoki. Alirudi na ugonjwa huo. Alipogundua natoka Kongo, alifurahi kama amempata jamaa.

"Jambo, patroni! Kazi iko?"

"Iko, bosi."

"Bukavu, eh? Magari yangu hayafiki huko. Barabara ya kwenu ni ya Mungu peke yake."

Alitulipa kidogo, pamoja na nauli, na hicho kidogo kilitufanya tujione wachezaji wa kulipwa kabisa. Alikuja kwenye kila zoezi na chupa ya chai, akikaa benchi lilelile, akipiga kelele maneno ambayo kocha alituambia tusiyasikilize. Mwaka wa Kombe la Dunia, Durban nzima ikipuliza vuvuzela, jirani zangu wote ghorofani wamejichora bendera mashavuni, yeye alitupakia kwenye basi dogo la kampuni tukaenda kucheza hoki Pretoria. Tulipigwa mabao sijui mangapi, nililia ndani ya helmeti mahali ambapo hakuna aliyeona. Njiani kurudi bosi alisimamisha gari, akatununulia nyama ya kuchoma sote, akasema, "Leo mmejua ukubwa wa ukuta. Sasa tutafute ngazi."

Na kweli tulianza kupanda. Misimu miwili iliyofuata ndiyo ninayoiota hadi leo. Winga akaongezeka mabega. Mimi nilihama kutoka kaunta ya viatu kwenda kazi ya ghalani Clairwood, kwa bosi huyohuyo, nikawa napakia mchana na kudaka jioni. Dada aliacha kuniombea maombi ya kichwa na kuanza kuja mechini, amejifunga kanga juu ya jaketi, akiwafokea waamuzi kwa Kiswahili cha Bukavu: "We arbitre! Hauonaka? Uko na macho ya nini?" Waamuzi hawakuelewa, lakini walimwogopa.

Kisha bosi akapata kiharusi. Alianguka yadini asubuhi, katikati ya malori, na aliporudi kutoka hospitali upande wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yake yamevurugika. Hapo ndipo tulipogundua kwamba hatujui sisi ni wa nani.

Mshirika wake wa biashara, mtu mkavu aliyezoea kutupita bila salamu, alisema timu ni ya kampuni kwa kuwa kampuni ndiyo iliyolipia saa za barafu. Binti wa bosi, aliyerudi haraka kutoka Johannesburg, alisema timu ni ya baba yake, na mambo ya baba sasa yako mikononi mwake. Kila mmoja alimpigia kocha simu, na kila mmoja alimwambia asimsikilize mwenzake. Kocha, ambaye alipenda hoki kwa sababu ina mistari iliyochorwa chini, alianza kuvuta sigara tena.

Mechi iliyofuata tulikuwa wenyeji. Tulipoingia chumba cha kubadilishia nguo tulikuta mifuko miwili mikubwa. Mmoja ulikuwa na jezi nyekundu mpya zenye alama ya kampuni, kutoka kwa mshirika. Mwingine ulikuwa na jezi za bluu, mpya pia, zenye jina la ukoo wa bosi mgongoni, kutoka kwa binti. Tulizitazama kama watoto ambao wazazi wameachana, kila mmoja ameleta keki.

"Tunavaa ipi?" akauliza winga.

Kocha alisimama katikati ya ile mifuko. Halafu akafungua kabati, akatoa zile kuukuu za mazoezi, nyeupe zilizogeuka rangi ya meno. Wawili walikuwa na namba saba. "Hizi ndizo zinazowajua," akasema.

Tulishinda siku ile. Winga alifunga bao la mwisho akiwa ameanguka goti moja, na nilipoinua macho niliwaona mshirika upande huu na binti upande ule, kila mmoja akipiga makofi kana kwamba bao ni lake.

Siku chache baadaye wakaamua kumleta bosi mwenyewe aseme. Binti alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ukingoni mwa barafu, amefunikwa blanketi. Mshirika alisimama kando, mikono mfukoni. Sisi tuliacha mazoezi tukasogea, tukaegemea ukuta wa chini unaozunguka uwanja. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote.

Binti akainama. "Baba, waambie. Timu ni ya nani?"

Bosi alitazama barafu kwa muda mrefu. Alitutazama sisi, mmoja mmoja. Mdomo ulihangaika, jicho moja likatoa machozi, halafu akatamka kitu kimoja kirefu kilichoteleza.

"Mmesikia?" binti akasema. "Amesema niisimamie mimi."

"Amesema ibaki yadini," mshirika akasema. "Nimemsikia vizuri."

Mimi nilisikia Kasumbalesa. Ni mpaka wa Zambia na Kongo, ambako malori yake yalikuwa yakilala foleni siku na siku. Nilishika mkono wake uliokuwa mzima, nikamwambia kwa Kiswahili, "Magari yamevuka, bosi. Yote yamevuka." Akanibana vidole. Sikumweleza mtu yeyote nilichosikia, kwa kuwa hakuna ambaye kingemsaidia.

Wakati mambo yamekwama hivyo, bahati ya winga ikafika. Rafiki wa kocha, mwalimu wa shule moja ya michezo huko Ulaya ya kaskazini, alikuja Johannesburg kufundisha watoto kwa wiki chache. Akashuka Durban kutazama zoezi moja tu. Alikaa kwenye benchi la bosi, na mwisho akamwomba winga arudie jambo alilolifanya kule pembeni, mara moja tu, polepole. Jioni hiyohiyo akasema yuko tayari kumchukua, shule na malazi, ikiwa timu itamwachia.

Timu ipi? Tukaitwa Clairwood, ofisini juu ya yadi. Alikwenda kocha, winga na bibi yake, na bibi akanitaka niende naye. "Wewe ndiye mtu wangu," alisema, kana kwamba tumetoka tumbo moja. Mshirika alikuwa mezani, binti dirishani. Nje dereva mmoja alikuwa akijaribu breki za hewa, na kila sentensi ilikatwa na mlio wa pshhh.

"Hatumzuii kijana," mshirika alianza. "Lakini mchezaji ni mali ya kampuni. Mali haitoki bila utaratibu."

"Ni mali ya baba yangu," binti akasema.

Hapo bibi akasogea mbele. Aliweka mkoba wake sakafuni.

"Semeni tena hilo neno."

Nje breki zikalia tena, pshhh.

"Wazee wetu walishushwa kwenye bandari hii, hapo nyuma ya malori yenu, wakitolewa kwenye meli za watumwa. Baadaye serikali ikatuhamisha kutoka kilimani kwetu ikatupeleka Chatsworth, kama fanicha. Mimi sijamlea huyu mtoto ili nije niitiwe mali ofisini." Akamgeukia kocha. "Aliandikishwa mahali popote?"

Kocha akatikisa kichwa. "Hakuna aliyewahi kuandikishwa, mama. Bosi alitushika mkono tu."

Binti aligeukia dirisha. Nadhani alikuwa analia, na nadhani haikuwa kwa ajili ya timu. Mshirika alifungua droo akaifunga.

"Basi tunaondoka," bibi akasema, akaokota mkoba wake, akanipa mkono nimshikie kwenye ngazi.  Kwenye gari la kocha bibi alikaa mbele. Tulipofika robot ya kwanza, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, winga, aliyekaa nyuma nami, akaninong'oneza, "Eish, kipa. Kwa hiyo naenda?" Bibi akajibu bila kugeuka, "Unaenda. Na utavaa soksi mbili mbili."

Akaenda. Tulimsindikiza uwanja wa ndege sote, dada akamletea sambusa zilizoacha mafuta kwenye begi lake la mkono. Alipopita mlango wa ukaguzi tulipiga viganja kwenye chuma cha kizuizi, ko ko ko, mpaka askari akaja kutuuliza kuna nini.

Timu haikuishi muda mrefu baada yake. Mshirika alikataa kulipia barafu, binti hakuweza peke yake, na wachezaji wakaanza kutawanyika, huyu Cape Town, huyu chuo, huyu ndoa. Tulichangishana tukapata saa moja moja za Jumamosi asubuhi, tukicheza watano kwa watano, mwisho wanne kwa wanne. Hakukuwa na mechi ya kuaga. Jumamosi moja tulifika watatu, tukatazamana, tukaenda kunywa chai.

Bosi alifariki muda si mrefu baadaye. Tulikaa mstari mmoja kanisani, tukiwa tumevaa suti za kuazima, na wale wawili walikaa pande mbili tofauti. Kwenye kahawa baada ya ibada binti alinijia akaniuliza kama ni kweli baba yake alizungumza Kiswahili. Nikamwambia alijua kuamkia na kuuliza kazi, na kwamba hayo ndiyo maneno mawili ambayo mgeni anayahitaji zaidi. Akanishika bega, akaenda kwa wengine.

Winga alirudi kututembelea mwaka 2015. Wakati huo nilikuwa na duka langu dogo la simu mjini, nusu kaunta yangu, nusu ya Mrundi mmoja fundi wa simu. Aliingia akiwa na ndevu na kovu kidevuni, nikamjua kwa jinsi alivyosimama, uzito kwenye vidole. Tulikwenda Chatsworth kula kwa bibi, ambaye sasa aliona kwa shida lakini bado alinijibu marahaba. Winga hakuwa amekuwa nyota. Alicheza ligi ya chini, mji mdogo wenye misitu, mchana akifanya kazi kwenye duka la matairi. Alisema anaridhika, na nilimwamini.

"Na huko wenye timu wanajulikana?" nikamuuliza.

"Wapi! Tangu nifike tumeuzwa mara mbili. Mara ya pili tuliisikia redioni, tukiwa ndani ya basi."

Bibi akauliza tunacheka nini, naye akamwambia, na bibi akasema si jambo la kucheka, kisha akacheka.

Watu huniuliza kama ninakumbuka ushindi, na ninaukumbuka, lakini kinachonijia bila kuitwa ni kitu kingine. Ni dakika ya kumaliza zoezi, tumebeba mabegi, nywele zimelowa jasho lililopoa, na kocha anausukuma mlango mzito wa nje kwa mgongo. Joto la Durban linatupiga usoni lote kwa pamoja, na harufu ya bahari na ya mafuta ya chipsi. Miwani ya kocha inafunga ukungu, anasimama hapo kizingitini kama kipofu, anatuhesabu kwa kutugusa vichwa tunavyopita, na bosi nyuma anafoka kwamba mtu amesahau kufunga chupa ya chai.